Mashine ya kupima sukari: anza na stripu, mashine baadaye

Kwenye droo ya mama yangu kuna mashine tatu za kupima sukari. Zote zinawaka, na hakuna hata moja inayotumika. Ya kwanza alipewa zawadi, ya pili tuliinunua kwa kuwa ilikuwa rahisi, ya tatu ilitupendeza kwa skrini yake. Stripu zao, yaani vile vipande vyembamba vinavyopokea tone la damu, zikaadimika moja baada ya nyingine, na stripu ya mashine hii huwezi kuitumia kwenye ile. Kwa hiyo naanzia pale tulipopaswa kuanzia sisi.

Piga hesabu ya stripu kabla hujauliza bei ya mashine. Anayepima mara mbili kwa siku anahitaji stripu 60 kwa mwezi, maana yake kopo la 50 halimfikishi mwisho wa mwezi. Anayepima mara nne anamaliza 1,460 kwa mwaka, mbali na zile zinazoharibika kwa sababu tone la damu halikutosha. Mashine ya bure yenye stripu ghali itakula pesa nyingi kuliko ya kununua yenye stripu nafuu. Tena ughali huo una madhara mengine: mgonjwa huanza kubana, akawa anapima siku anayojisikia vibaya tu. Uliza kama stripu hizo zinapatikana katika maduka ya dawa zaidi ya moja unayoweza kuyafikia. Kama ni duka moja tu, iache.

Halafu usahihi. Tafuta kwenye boksi au kijitabu maandishi ISO 15197:2013, kiwango cha kimataifa cha mashine hizi. Kiwango hicho kinataka angalau majibu 95 kati ya 100 yasipishane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15 sukari ikiwa 100 mg/dL (sawa na 5.6 mmol/L, kipimo kingine cha sukari) au zaidi, na kwa zaidi ya 15 mg/dL (0.8 mmol/L) ikiwa chini ya hapo. Kwa hiyo sukari halisi ikiwa 200, mashine nzuri kabisa inaweza kusoma 170 au 230. Ukipima mara mbili mfululizo ukapata 182 kisha 194, usiitupe, haina kosa. Hakikisha pia inasoma kwa kipimo kilekile anachotumia daktari wako. Mmol/L 1 ni mg/dL 18, na kuchanganya viwili hivyo kunaweza kumfanya mtu akosee dozi ya insulini.

Sasa nazipanga.

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya kawaida isiyohitaji kuingiziwa namba ya utambulisho ya stripu, yenye tarakimu kubwa, inayotosheka na tone chini ya mikrolita 1 na kutoa jibu ndani ya sekunde 5 hivi. Wengi hawahitaji zaidi ya hiyo. Mashine za zamani zilitaka uingize chipu au namba kila unapofungua kopo jipya, na ukisahau, jibu linaweza kupotoka bila onyo lolote.

Ya pili ni sensa, yaani kihisi kidogo cha kubandika mwilini, na kwa mtu anayejidunga insulini mara kadhaa kwa siku, mtoto mwenye kisukari, au asiyehisi sukari yake ikishuka, hii ndiyo ya kwanza iwapo anaweza kuimudu mfululizo. FreeStyle Libre 2 hukaa siku 14, Dexcom G7 siku 10. Inapiga kengele usiku sukari inaposhuka, jambo ambalo mashine ya kidole haiwezi. Lakini inapima majimaji yaliyo kati ya seli, si damu yenyewe, hivyo huchelewa dakika kadhaa sukari inapopanda au kushuka kwa kasi. Dalili zako zikipingana na namba yake, choma kidole. Hesabu ni ileile: sensa ya siku 14 ni sensa 26 kwa mwaka.

Ya tatu, inayopima na ketoni (asidi ambazo mwili hutoa unapochoma mafuta kwa kukosa insulini), kwa stripu zake za pekee. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza aipandishe juu, kwani akiugua au sukari ikikataa kushuka, ketoni ndizo zinazomwambia kama aende hospitali sasa hivi. Ya nne ni inayotuma majibu kwenye simu. Nzuri, ila daftari na kalamu vinafanya kazi hiyohiyo. Kwa asiyeona vizuri, achague inayotamka majibu, aachane na mpangilio wangu.

Usinunue stripu zilizofunguliwa, hata ukipunguziwa bei kiasi gani. Na usinunue saa wala pete inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba haijaidhinisha hata moja.

Vifaa vingine ni vidogo lakini ndivyo vinavyokuchosha au kukupumzisha. Lanseti, kisindano cha kutobolea kidole, ya namba 30 au 33 ni nyembamba na haiumi sana. Ngozi ikiwa ngumu, shuka hadi 28, ambayo ni nene zaidi. Choma pembeni mwa ncha ya kidole. Kalamu ya kuchomea, ile inayoshika lanseti, usiazimane hata na mwenzi wako, kwa sababu homa ya ini aina B husambaa kwa njia hiyo. Stripu zibaki ndani ya kopo lake lililofungwa vizuri, mbali na bafu na gari lililoachwa juani, na uandike tarehe uliyolifungua. Lanseti zilizotumika zitie kwenye chombo kigumu chenye kifuniko.

Siku moja mama alipima akapata 16.2 mmol/L. Tukashtuka. Kumbe alikuwa ametoka kumenya chungwa. Akanawa kwa sabuni, akakausha, akapima tena: 7.4.

Mwenye upungufu mkubwa wa damu amwambie daktari kabla ya kununua, maana mashine nyingi humsomea juu kuliko ukweli. Anayesafishwa damu kupitia tumbo kwa maji yenye ikodekstrini (aina ya wanga inayovunjika mwilini kuwa sukari nyingine) akague zaidi: baadhi ya stripu, zile zinazotumia kimeng'enya cha GDH-PQQ, husoma sukari hizo nyingine kama glukosi, sukari ya damu yenyewe. Anaweza kuonyeshwa iko juu huku imeshuka, akajidunga insulini ya kumuua.

Ukishanunua, nenda nayo siku unayotolewa damu ya maabara ukiwa hujala. Jipime papo hapo, andika namba. Majibu yakija na tofauti imezidi asilimia 15 (au 15 mg/dL sukari ikiwa chini ya 100 mg/dL), rudia na stripu za kopo jingine; ikijirudia, irudishe dukani na risiti yako.