TAHADHARI: Waya wa taa za bustani unaouzwa kama shaba, ndani ni aluminiamu

Ndugu zangu mnaopamba sherehe, mnaokodisha tenti na viti, na nyinyi mnaotaka kuwasha taa uani siku mbili tatu kwa ajili ya sendofu, Maulidi au Krismasi, someni hapa kabla hamjaenda dukani. Kuna roli za waya mweusi zinauzwa Kariakoo, zimefungwa nailoni safi, zina karatasi iliyoandikwa "3 x 1.5 mm², mita 100, shaba tupu", yaani ndani kuna nyaya tatu, kila mmoja una unene wa milimita za mraba 1.5. Shaba tupu si kweli. Mita 100 si kweli. Hata hiyo 1.5 si kweli.

Mimi nilinunua roli moja mwishoni mwa Oktoba, sendofu ya binti wa dada yangu kule Goba. Maduka mawili yalinitajia 260,000 na 275,000. La tatu likasema 145,000. Niliuliza mara mbili kwa nini bei iko chini hivyo, muuzaji akanijibu, "Bosi wangu, mzigo umeingia mwingi, na huu ndio wanaochukua mafundi wa mahoteli." Akachukua plaizi, akamenya ncha mbele ya macho yangu. Nyuzi zikang'aa wekundu wa shaba kabisa. Nikalipa.

Mtego uko hapo kwenye kumenya. Zile nyuzi ni aluminiamu iliyovishwa ngozi nyembamba ya shaba, kwa hiyo ukiangalia kwa macho tu huwezi kuona tofauti.

Siku ya shughuli tulitandaza waya kutoka soketi ya jikoni hadi mwisho wa bustani, kama mita 60. Uliobaki tukauacha umejikunja kwenye roli, nyuma ya meza ya vyombo. Hilo lilikuwa kosa letu, nalisema wazi, kwa sababu waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto, na umeme unapita ndani yake wote hata kama umeutandaza nusu. Tukaunganisha balbu za kamba 48 za wati 25, muziki, na friji ya soda. Jumla ampia nane na kitu. Waya wa kweli wa shaba wa 1.5 ukitandazwa wote unabeba mzigo huo bila kuchemka.

Saa mbili usiku balbu zikawa za njano iliyofifia, na kipaza sauti kikaanza kukatika. Fundi aliyekuwa na mita akapima: jikoni volti 228, mwisho wa bustani 178. Volti 50 zimepotelea njiani! Kabla hatujamaliza kushangaa tukasikia harufu ya plastiki. Roli nyuma ya meza lilikuwa limeganda pamoja, tabaka juu ya tabaka, ganda limelainika kama ubani uliotafunwa. Mvua ya jioni ilikuwa imelowesha nyasi. Kijana mmoja wa upishi alishika nguzo ya chuma ya tenti iliyolalia waya, akarushwa mkono. Mungu alisaidia aliachia. Mkono ulimfa ganzi mpaka asubuhi.

Watu wengi waliuliza mbona saketi breka haikukata. Isingekata. Breka ya jikoni ni ya ampia 20 na sisi tulikuwa tunatumia nane. Breka inalinda waya wa ukutani. Haijui kwamba umeichomekea uzi wa aluminiamu uliovaa koti la 1.5. Waya bandia unaweza kuungua wote na breka imesimama palepale. Kinachomwokoa mtu aliyeshika nguzo ni ile ya kukata umeme unaovuja, ambayo mafundi wanaiita ELCB, ya miliampia 30. Nyumba ile haikuwa nayo.

Kesho yake nilikaa kibarazani na wembe, nikaufungua ule waya taratibu. Nilihesabu nyuzi: 24 katika kila waya kati ya ile mitatu ya ndani, nyembamba kama nywele za katani. Waya laini wa 1.5 kwa kawaida una nyuzi 30 za milimita 0.25, na nyuzi zangu zilikuwa za 0.2. Ukipiga hesabu ya unene unapata 0.75, yaani nusu ya kilichoandikwa. Nikakwangua uzi mmoja kwa wembe: chini ya wekundu kukatokea weupe wa sufuria. Nikashika uzi mwingine juu ya moto wa kiberiti cha gesi, ukajikunja na kudondoka. Uzi wa shaba wa unene huohuo, niliouchomoa kwenye waya wa pasi ya zamani, uliwaka mwekundu na kubaki umenyooka. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzijoto 660, shaba mpaka ifike 1,085. Kisha nikapima urefu wa roli kwa futi ya fundi: mita 82.

Kuna njia moja ambayo hata asiyejua umeme anaweza kuitumia, nayo ni mizani. Roli la kweli la 3 x 1.5 lenye mita 100 lina shaba peke yake ya kilo 4, na pamoja na plastiki linakaribia kilo 10. Langu halikufika 6. Muombe muuzaji alipandishe kwenye mizani, Kariakoo mizani haikosekani. Angalia pia maandishi yaliyochapwa juu ya waya wenyewe, sio ya karatasi. Nyaya nyingi za viwanda vinavyojiheshimu zina namba za mita. Soma ya mwanzo na ya mwisho, toa, utajua urefu. Maandishi ya ule wa kwangu yalifutika kwa kidole kilicholowa mate.

Na kwa kazi ya nje usikubali waya wowote ule hata kama ni shaba safi. Ule mweupe wa plastiki wa ndani, ambao kwa kawaida umeandikwa H05VV-F, haukutengenezwa kulala juani na kwenye nyasi zilizolowa. Tafuta ule wa mpira mweusi ulioandikwa H07RN-F, unaovumilia maji, jua na kukanyagwa. Ni ghali, lakini ni waya wa miaka, unaukunja na kuutumia sherehe ijayo. Ukivuka mita 50 na una muziki, chukua 2.5 badala ya 1.5. Maungio yasifungwe solotepu na kutupwa kwenye majani. Tumia plagi na soketi za nje zenye alama ya IP44 au zaidi, yaani zinazozuia maji ya kurushiwa, uziinue juu ya ardhi. Kama ni taa tu za kuremba njia na maua, zile za volti 12 zenye transfoma yake zina amani zaidi, hasa penye watoto, ila transfoma ikae pakavu.

Nilirudi dukani na kipande kilichoungua. Aliyeniita bosi hakunikumbuka. Risiti yake ilikuwa ya mkono, haina jina la duka wala TIN, yaani namba ya mlipakodi, na nilikubali kuipokea kwa sababu nilikuwa na haraka. Alisema mali ikishatoka hairudi. Nyinyi daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kabla ya kuhesabu pesa. Anayeikwepa kwenye bidhaa ya laki na nusu ana sababu. Bidhaa hafifu zinapelekwa TBS, yaani Shirika la Viwango, bandia zinapelekwa Tume ya Ushindani, na huko kote ukienda bila risiti unaanza kwa shida. Mimi nimepeleka kipande na picha ya karatasi ya roli hivyohivyo.

Duka silitaji hapa, kwa sababu nimeshaiona karatasi ileile kwenye maduka mengine matatu mtaa huohuo. Itambueni kwa hivi: karatasi ya bluu na njano, bendera ya Uingereza pembeni, na neno "copper" limeandikwa "cooper". Kama roli la namna hiyo liko stoo kwako, usilichomeke leo. Menya inchi moja, kwangua kwa wembe. Mita mbili za ule wa kwangu nimezihifadhi. Aliyeko Dar anayetaka kulinganisha aniambie, nitamletea.