Tahadhari kwa wenye pikipiki Tanga: seti ya taa yenye rilei tupu na fyuzi ya maonyesho

Ndugu zangu wenye pikipiki, hasa mnaoendesha bodaboda na mnaobeba mizigo alfajiri, naandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji ambaye pia hujiita fundi umeme, anayepita vijiwe vya Ngamiani, Makorora na Sahare akiwa na begi jeusi la mgongoni, akiuza kile anachokiita seti kamili ya taa za mbele na chaja ya simu, pamoja na kufungiwa papo hapo. Hana duka wala kibao, na jina alilonipa mimi silo alilompa jirani yangu, kwa hiyo kulitaja hapa hakutamsaidia mtu. Chenye faida ni kueleza anachokifanya, kwa sababu kazi yake ni ile ile kila anakopita.

Nilimlipa shilingi 75,000. Kwa fedha hizo aliniahidi taa mbili za LED zilizoandikwa kwenye boksi kuwa za wati 120 kila moja, soketi ya kuchajia simu, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi, na waya aliouapia kuwa ni kopa tupu, yaani shaba. Alinionyesha vitu vyote kimoja kimoja, na kwa kweli rilei aliyonishikisha mkononi ilikuwa nzito, yenye namba zake zote chini. Kisha akaniambia niende nikanywe chai, kwani fundi akisimamiwa mkono hautulii. Nilikwenda, na kosa hilo ni langu, nalikiri. Niliporudi, kila kitu kilikuwa kimeviringishwa tepu nyeusi kuanzia chini ya kiti mpaka kwenye usukani. Taa ziliwaka vizuri mno, nami nikafurahi na kumhesabia fedha zake. Risiti aliyoniandikia ilikuwa kipande cha karatasi ya daftari kisicho hata na namba ya simu.

Wiki ya tatu, nikiwa nimechukua samaki Sahare kuwapeleka Muheza, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua kabla sijafika Pongwe, na nilipopunguza mwendo nikaona moshi ukitoka chini ya tangi. Nilizima ufunguo, lakini moshi haukukatika, jambo ambalo saa ile sikulielewa hata kidogo. Niling'oa kiti na kuuvuta waya wa betri kwa mkono, nikaungua vidole viwili, na hapo ndipo ulipokatika. Pikipiki ilirudi mjini juu ya guta. Samaki niliwauza palepale kandokando ya barabara kwa bei ambayo sipendi kuikumbuka.

Mzee mmoja fundi wa Chumbageni, ambaye ningemwendea tangu mwanzo kama nisingekimbilia urahisi, aliichana ile tepu kwa wembe nikiwa nimechuchumaa kando yake. Fyuzi ilikuwepo, ya ampea 10, nzima, inang'aa ndani ya kikasha chake, lakini nyaya mbili za kikasha hicho zilikuwa zimekatwa na kukunjwa ndani ya tepu, haziendi popote. Umeme ulikuwa ukipita pembeni yake, moja kwa moja kutoka chanya ya betri. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii rilei umewahi kuisikia ikilia tik hata siku moja?" Nikasema hapana. Akaibandua ganda kwa bisibisi. Ndani hamkuwa na koili wala sumaku, bali kipande cha waya chenye urefu wa nusu kidole kilichounganisha mguu namba 30, unapoingilia umeme wa betri, na mguu namba 87, unapotokea kwenda kwenye taa. Ile rilei nzito niliyoishika bila shaka ilirudi kwenye begi ikamngoje mteja mwingine.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo maana ya vitu hivi, kwani ndipo hatari yenyewe ilipo. Fyuzi haipo kwa ajili ya kulinda taa, ipo kwa ajili ya kulinda waya, na ndiyo maana hufungwa karibu kabisa na betri, ili waya ukigusa bodi mahali popote huko mbele, fyuzi ikatike kabla waya haujageuka kuwa tanuri. Rilei nayo hubeba mzigo mkubwa wa umeme kwa niaba ya swichi ndogo ya kwenye usukani, na ikifungwa ipasavyo, miguu ya koili yake, namba 85 na 86, hupata umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Kwangu vyote viwili vilikuwa mapambo. Waya ulipita kwenye shingo ya usukani, mahali panapokunjwa kila unapokata kona, ganda lake likasagika taratibu, shaba ikagusa chuma, shoti ikapiga, na hapakuwa na chochote cha kuikata. Fyuzi kuu ya pikipiki haikuwa na habari, kwa kuwa waya huo haukupita kwake. Kwa sababu hiyo hiyo, kuzima ufunguo hakukunisaidia.

Nimeandika shaba, lakini hata hilo ni kumpa heshima asiyostahili. Mzee alikwangua uzi mmoja wa waya ule kwa ncha ya wembe, na chini ya ile rangi nyekundu ukatokea weupe: ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo waya wa unene ule ule hupata joto zaidi, na kwetu sisi tunaoishi na upepo wa bahari na kubeba matenga yanayochuruzika maji ya chumvi, alumini iliyogusana na shaba kwenye kiungo huliwa haraka sana mpaka ikawa unga mweupe. Viungo vyake vyote vilikuwa vya kusokotwa kwa vidole, bila kulehemiwa kwa risasi na bila kibanio.

Kuhusu zile wati 120, hesabu yake haihitaji fundi. Taa mbili ni wati 240, na kwa betri ya volti 12 hiyo ni ampea 20. Betri ya ampea-saa 7, kama yangu, ingekauka kwa dakika kama 20. Tulipozipima kwa multimita, kila taa ilivuta ampea 1.5, yaani wati 18 hivi. Taa zenyewe si mbaya, nami bado ninazitumia, zikiwa zimefungwa upya kwa fyuzi ya ampea 5 na rilei yenye roho ndani yake. Ulaghai uko kwenye maandishi ya boksi na kwenye kile kilichofichwa na tepu.

Kama umefungiwa taa na mtu wa namna hii, au na fundi yeyote usiyemwamini, jaribio ni dogo na halina gharama. Washa taa hizo, kisha chomoa fyuzi yake: zikiendelea kuwaka, fyuzi hiyo ni ya maonyesho. Irudishe, kisha zima na uwashe taa huku ukitega sikio kwenye rilei: isipolia tik, huenda ni ganda tupu kama langu. Halafu zima ufunguo na ubonyeze swichi ya taa za ziada. Zikiwaka bila ufunguo, waya umetoka kwenye betri moja kwa moja na una umeme usiku kucha. Mnunuzi mpya naye asimame hapo hapo wakati wa kufunga, aone fyuzi ikiunganishwa kabla tepu haijazungushwa, na adai risiti ya mashine ya kodi (EFD). Fundi wa kweli hachukii macho ya mteja.

Nilikutana na muuzaji huyo siku chache baadaye, akanijibu kwa upole kwamba huenda nilipeleka pikipiki kuosha. Nimelihifadhi ganda la rilei, boksi na ile karatasi ya daftari, na nimetoa taarifa polisi. Masuala ya bidhaa bandia yako chini ya Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, nami nitawapelekea vielelezo hivi; aliyepatwa na mkasa kama wangu asitupe alichofungiwa.

Tangu siku ile tumekagua pikipiki mbili za majirani alizozifunga yeye, na moja tumeikuta na ganda tupu la rilei kama lile langu. Ilikuwa ikilazwa ukumbini, hatua chache kutoka walipolala watoto, kama pikipiki nyingi za mtaani kwetu kwa kuogopa wezi. Aliyefungiwa na mtu huyu asingoje kesho: achukue spana namba 10, afungue waya hasi wa betri usiku huu, ndipo ailaze pikipiki yake.