Fudi prosesa: kwenye bajia imefaulu, kwenye kisamvu bibi kaikataa

Jamani habari zenu, karibuni tena jikoni kwangu hapa Mtwara. Leo mtasikia kelele kidogo, mnisamehe. Huko uani bibi anatwanga, na ukimwomba apumzike kwa sababu unarekodi, anakuuliza kama hiyo video ndiyo itakayoliwa usiku. Basi tutakwenda naye hivyo hivyo.

Hii hapa mezani ndiyo fudi prosesa, mashine ya kusaga na kukatakata vyakula, mliyokuwa mnaniulizia. Ninayo mwezi wa 8 sasa. Sikupewa na duka lolote, nimeinunua kwa hela yangu, shilingi 185,000, na jina la kampuni nimelibandika karatasi kwa makusudi. Hawajanilipa, kwa nini niwatangazie bure?

Swali linalokuja kila siku ni moja: "Dada, mimi nina blenda, hii ninunue ya nini?" Kabla sijakujibu, sogea uangalie hili bakuli. Hizi ni kunde. Zimelowekwa tangu alfajiri, nimezisugua kwa viganja, maganda yakaelea, nikayamwaga. Zimechujwa, hazina maji. Ukizitia kwenye blenda hivi zilivyo, kisu kinazunguka chini kwenye uwazi wake peke yake, kunde zimekaa juu zinakitazama. Inabidi uongeze maji ndiyo ziteremke. Ukiongeza maji umeshapata uji, na bajia za uji zinatawanyika kwenye karai, zinakunywa mafuta, ukiikamua moja unaweza kupaka ngozi.

Sasa angalia huku. Kunde, kitunguu swaumu punje 4, tangawizi, pilipili, chumvi. Sijaweka hata tone la maji. Nabonya kitufe hiki chenye herufi P, kile cha kubonya na kuachia. Moja... mbili... tatu. Nafungua, nakwangua kuta kwa mwiko, maana zile zilizoruka juu zimeganda pembeni. Narudia. Umeona? Imelainika lakini ukiifikicha bado unaisikia chembechembe. Nikiichota inakaa kwenye kijiko, haiteremki. Hiyo ndiyo tofauti yote. Blenda ni ya vitu vya maji: juisi, nyanya za mchuzi, uji wa mtoto. Hii ni ya vitu vizito visivyotiwa maji. Kama nyumbani kwako chakula cha kusaga bila maji hakipiti hata mara moja kwa wiki, hela yako kanunulie kitu kingine. Nasema kweli kabisa.

Inachekesha kwamba kijitabu kilichokuja kwenye boksi kimejaa keki na supu za malenge, bajia hakuna hata ya dawa. Mashine hizi zilianza kwa Mfaransa mmoja, Pierre Verdun, aliyezitengenezea majiko ya mahoteli. Ya nyumbani, Magimix, ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 Carl Sontheimer akazipeleka Marekani kwa jina la Cuisinart. Wao walikuwa wanawaza karoti na unga wa mikate. Kunde zetu tumeziingiza wenyewe.

Haya, dukani. Ukifika, usisome mbele ya boksi. Mbele wanaandika wati 1000 kwa herufi kubwa za dhahabu. Pindua mashine yenyewe tumbo juu, usome kile kibandiko kidogo. Hii yangu boksi linasema 1000, kibandiko kinasema 600. Ukweli ni wa kibandiko, ile ya boksi ni nguvu ya kuruka mara moja, mota haiwezi kukaa nayo. Kwa kunde, nyama na nazi, 600 zinatosha.

Hapo hapo kwenye kibandiko kuna mahali pameandikwa KB, halafu 1 min. Zikaribieni herufi hizo, ndizo zinazoua mashine za watu. Maana yake usiiendeshe zaidi ya dakika 1 mfululizo. Dakika 1, zima, iache ipoe, endelea. Ikizima yenyewe katikati ya kazi usikimbilie kwa fundi, nyingi zina kinga ya joto, iache nusu saa ipoe halafu ijaribu tena. Ikinuka waya, hiyo ni habari nyingine.

Na volti. Umeme wetu ni wa volti 230. Kuna mashine za mtumba zinaingia, nzuri, nzito, bei chee, kumbe nyingine ni za Japani, kule wanatumia volti 100. Binamu yangu aliipata moja hivyo. Alichomeka, ikalia kama pikipiki, moshi, kimya. Haikufika hata kukata kitunguu. Kwa hiyo kibandiko, kibandiko, kibandiko.

Mtu ataniuliza inakula umeme? Wati 600 kwa dakika 5 ni uniti 0.05. Uniti moja unaifanyia kazi hiyo mara 20. Pasi yako inakula kuliko hii, tusiisingizie.

Kitu kingine cha kukagua, na hapa nimeumia mwenyewe, ni kale kaulimi. Kamera iko sawa? Angalia ukingo wa kifuniko, hapa. Haka kaplastiki kanachochomoza ndiko kanakoingia kwenye tundu la mpini na kubonya swichi iliyofichwa ndani. Kasipoingia, mashine haiwaki, na ni kwa usalama wako, usije ukatia vidole kisu kikizunguka. Mashine yangu ya kwanza kalikatika mwezi wa 3. Mota nzima, kisu kizima, bakuli zima, ila kaulimi ka ukubwa wa ukucha hakapo, basi mashine imekuwa pambo. Dukani waliniambia vipuri hakuna, ninunue nyingine. Nikatafutiwa Kariakoo, yakaletwa mafuniko mawili kwa basi, hakuna lililoingia. Fundi mmoja akataka kunichomekea kijiti ili iwake bila kifuniko. Nikamshukuru nikaondoka. Kisu kile hakina huruma, na nyumbani nina watoto.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijalipa nafunga na kufungua kifuniko mara kumi mbele ya muuzaji. Anune tu. Kikiingia kwa kulazimishwa, kitavunjika. Na namuuliza kabisa, bakuli likipasuka analo lingine? Akianza kutafuta maneno, naaga.

Ukubwa sitauchelewesha: hili ni la lita 2, sisi tuko 6, linatutosha. Ila kitu cha majimaji usijaze mpaka juu, bakuli lina bomba hili la katikati, ukilipita supu inateremka kwenye mota. Mkiwa wawili watatu nyumbani, chukueni ile ndogo ambayo mota inakaa juu ya bakuli unabonya kwa kiganja. Kwa kitunguu na nyama ya sambusa inatosha sana, na bei yake ni ya kibinadamu.

Nyama nayo ina adabu yake. Iweke kwenye friza mpaka ianze kukakamaa, isiwe jiwe. Toa ile mishipa myeupe, la sivyo inajizungushia kwenye kisu kama uzi. Katakata vipande vya ukubwa wa kiberiti, tia kidogo kidogo, bonya na kuachia. Nyama ya joto la chumba, kitufe kimeshikiliwa, unapata kitu kama dawa ya meno, na sambusa ya dawa ya meno hailiki.

Nazi: hapa nimekosana na mbuzi yangu ya miaka mingi. Navunja, nabandua nyama ya nazi kwa kisu, ile ngozi ya kahawia siiondoi, sina muda huo. Vipande vidogo, kisu cha herufi S, dakika 1 na mapumziko, nazi inatoka laini kuliko ya mbuzi. Maji ya uvuguvugu, kamua kwenye kitambaa, tui la kwanza zito. Siku ya pweza wa nazi nakuna nazi 4 na mikono yangu mizima. Ila ukiwa na nazi moja tu, jamani, kaa kwenye mbuzi. Kuosha mashine kutakuchukua muda mrefu kuliko kukuna.

Na sasa korosho, tusije tukaonekana si watu wa Kusini. Siagi ya korosho inauzwa bei ya kutisha kwenye vichupa, na sisi tumelala juu ya korosho. Nunua zilizobanguliwa, na nunua vipande, zile zilizovunjika. Bei ni ya chini na huku zinakwenda kuvunjwa tena, nzima za nini? Zikaange kavu mpaka zibadilike rangi kidogo, zipoe, tia vikombe 2. Kwanza utaona unga. Usifurahi bado. Halafu unga unashikana, unakuwa donge, linagonga kuta dugu dugu dugu, mashine nzima inatembea mezani. Hapo wengi wanakata tamaa wanaongeza maji. Usiongeze! Maji yanaifanya igande kabisa na haikai siku mbili. Zima, pumzisha mota, kwangua, washa. Ukiendelea hivyo, ghafla donge linalegea, mafuta ya korosho yenyewe yanatoka, inaanza kung'aa na kuteleza. Mimi kwa mapumziko yote huwa nachukua kama nusu saa. Chumvi kidogo, basi. Watoto wanaipaka kwenye muhogo wa kuchemsha.

Sasa kisamvu. Nilimfanyia bibi jaribio bila kumwambia. Majani teketeke, nikayatia humu, yakatoka kijani, madogo, mazuri ya kupiga picha. Nikapika na nazi na karanga. Akaonja kijiko kimoja, akakirudisha. "Mjukuu wangu, haya umeyakata. Kisamvu kinatwangwa."

Nikabisha, halafu nikaenda nikayaangalia yale majani yake kwenye kinu na yangu kwenye bakuli, nikanyamaza. Mchi unalipondaponda jani mpaka linatoa maji na kuwa kama uzi uliolegea. Kisu kinalichana tu vipande vyenye kingo, kila kipande ndani bado ni kizima. Na hili si la ladha peke yake. Majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi, kule kupondeka na kuchemshwa sana ndiko kunakoitoa. Ukitumia mashine, saga mpaka yawe laini kabisa, uchemshe muda mrefu bila kufunika, usije ukajidanganya kwamba yamekatika basi yameiva. Mimi nimemrudishia bibi kinu chake. Ndicho mnachokisikia hapo nje.

Kuosha, haraka haraka. Osha palepale, usiache kunde zikauke, zinashika kama saruji. Tia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, bonya sekunde chache, nusu ya kazi imeisha. Kisu usikizamishe kwenye beseni la povu na vyombo vingine. Hiki kidole kina alama, sitawaonyesha. Manjano yakilipaka bakuli, lianike juani, linafifia lenyewe. Rangi ya karoti ipake mafuta ya kula kwanza, ndipo sabuni. Na sisi tulio karibu na bahari, upepo una chumvi, kisu kikibaki na maji kinaanza madoa ya kutu hata kama kimeandikwa hakishiki kutu. Kifute kwa kitambaa, kikauke, ndipo ukihifadhi.

Zile sahani za kuchana karoti na kukata kabeji zinafanya kazi, kachumbari ya shughuli inakwenda dakika chache. Vitunguu usivikate kwa kisu cha S ukisahau kidole kwenye kitufe, mara 3 za kubonya zinatosha. Chapati niliwahi kukanda humu, mota ikachemka, nikarudi kwenye sinia. Nafaka kavu peleka mashineni, hii si kinu cha mahindi.

Bibi anaita. Naam bibi! ... Anauliza kama mafuta yamepata moto. Subirini nidondoshe kabajia kamoja tujaribu... kameinuka juu, kamejaa, hakajatawanyika. Haya, simu naiweka chini, mikono yangu yote miwili inatakiwa huku.