Boksi, Kijiti au Laptopu Kuukuu? Kifaa cha Kuchezea Muvi Zako kwenye TV

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Leo mezani nina boksi la Xiaomi, kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI, boksi jingine lisilo na jina lakini lenye stika kubwa ya 8K, na laptopu ya ex-UK iliyovunjika bawaba. Mwajua nakuja wapi. Swali mnaloniuliza sana ni hili: nina muvi zangu kwenye flashi au kwenye diski, nataka kuzitazama kwenye TV, ninunue nini?

Wa kutazama moja kwa moja mtandaoni leo mnisamehe, hii si yenu. Mimi nazungumzia faili ambalo tayari liko mkononi mwako. Umelipakua usiku bando likiwa rahisi, au umepewa na mpiga video wa harusi. Maana Mombasa tuna kichekesho chetu: nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS, SEACOM, EASSy, zote zimeibukia pwani hii hii tangu 2009 na 2010, na bado kuna mtu Likoni anahesabu MB kama anayehesabu pesa za dawa. Basi flashi haijafa, na haifi leo wala kesho.

Kabla hujatoa shilingi, zunguka nyuma ya TV yako utazame. Kuna tundu la USB? Chomeka flashi, shika rimoti, tafuta sehemu ya media. Ikicheza, funga video hii ukapike, huhitaji kitu. Na ikiwa TV yako ni ya mfumo wa Android, ingia Play Store uweke VLC, programu ya kuchezea video, bure kabisa, uone kwanza. Kuna watu wamenunua boksi la kuchomeka kwenye TV ambayo tayari ni hilo hilo boksi.

Wenye TV za zamani za kisogo nao wasikate tamaa. Kenya ilipozima analojia 2015, nyumba nyingi zilinunua king'amuzi, na ving'amuzi vingi vina tundu la USB hapo mbele ambalo watu hulifanya la kuchajia simu. Matangazo yetu ya dijitali hubanwa kwa H.264, namna mojawapo ya kubana video, kwa hivyo king'amuzi kinaijua H.264 kwa lazima, vinginevyo kisingeonyesha hata taarifa ya habari. Faili la MP4 la kawaida aghalabu kitalicheza, na picha itapita kwa zile waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe. Haitakuwa picha ya kung'aa, lakini bibi atatazama.

Sasa tuje kwenye pale watu wanapokwama, na hapa nitakaa kidogo.

Sogeza kamera. Hii flashi ina faili moja, video ya harusi, GB 11. Kesha, kupamba, kutoa bibi arusi, yote kwenye faili moja. Nachomeka kwenye TV hii... mwaona? "Hakuna faili." Bi harusi anapiga simu kwa mpiga video akiwa na hasira, na mpiga video anaapa faili lipo. Wote wawili wanasema kweli. Flashi imefomatiwa kwa exFAT, yaani namna mojawapo ya kupanga faili ndani ya flashi, na TV hii haijui exFAT, kwa hivyo inaiona flashi tupu. Mtu atakwambia, ifomati iwe FAT32, ule mpangilio wa zamani. Sawa, TV itaisoma, lakini FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4, kwa hivyo faili la GB 11 haliingii hata ukilisukuma kwa mguu. Dawa ni NTFS, mpangilio mwingine, ambayo TV nyingi za sasa huisoma. Au mwombe mpiga video akukatie harusi vipande vipande, kila kimoja chini ya GB 4. Na wapiga video mnaonitazama, tafadhalini, muulizeni mteja ana TV gani kabla hamjamkabidhi flashi.

Tatizo la pili, faili linaonekana lakini halichezi. Hapa watu hutazama mwisho wa jina, "hii ni MKV, TV yangu haipendi MKV." MKV na MP4 ni kapu tu, ndugu yangu. Samaki aliyemo ndani ndiye wa kuulizwa. Ndani kuna kodeki, yaani namna picha ilivyobanwa. H.264 ni ya 2003 na karibu kila kitu huicheza. H.265, wengine huiita HEVC, ni ya 2013. Ilitengenezwa ili ubora ule ule ukae kwenye karibu nusu ya ukubwa, ndiyo maana sisi wa kubana bando tunaipenda. Lakini TV iliyotengenezwa kabla yake itaijulia wapi? Halafu kuna AV1 ya 2018, hiyo hata TV za miaka ya karibuni nyingine hazina.

Kujua faili lako lina nini ni kazi ya sekunde chache. Lifungue kwenye kompyuta kwa VLC, bonyeza Ctrl pamoja na J. Itakuandikia kodeki ya picha na ya sauti. Soma zote mbili, maana tatizo la tatu ni sauti, na hili ndilo linalowachanganya watu zaidi. Picha inakwenda vizuri, waigizaji wanapanua midomo, sauti hakuna. Mtu anaanza kugongagonga spika. Spika haina kosa. Faili lina sauti ya DTS, namna mojawapo ya kubana sauti, na Samsung waliiondoa DTS kwenye TV zao kuanzia za 2018. LG nao waliiacha kuanzia za 2020, wakairudisha kwenye baadhi ya za 2023. Ukiwa na kompyuta, waweza kuibadilisha sauti peke yake iwe AAC au AC3, kodeki za sauti zinazokubalika zaidi, bila kuigusa picha, na ni kazi ya dakika chache. Usikubali mtu akubadilishie muvi nzima, utangoja mpaka alfajiri na picha itaharibika bure.

Basi ushauri wangu wa leo ni huu, na mengine yote yanaufuata: usinunue kwa maandishi ya kwenye boksi. Tengeneza flashi ya majaribio. Weka humo faili la H.264, la H.265 lile la biti 10 (lenye rangi laini zaidi, gumu zaidi kwa kifaa), moja lenye DTS, moja linalozidi GB 4, na muvi moja yenye manukuu ya SRT, yaani faili dogo la maandishi ya kusoma chini ya picha. Tia mfukoni uende nayo dukani. Ukifika Digo Road au Moi Avenue, mwambie kijana wa duka kwa upole, "Kaka, hebu nijaribie hii kabla sijalipa." Watajaribu, wamezoea. Akikwambia haiwezekani kwa sababu TV ya duka ina shughuli, duka la pili liko hatua kumi mbele. Na usione haya, maana kile kibandiko ukutani cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" si mapambo.

Haya, vifaa.

Kijiti hiki nitakimaliza haraka. Kizuri kwa mtandao, kidogo, kinajificha nyuma ya TV. Lakini tundu lake ni moja tu, nalo ni la umeme. Flashi utaichomeka wapi? Kuna kebo za kugawa zinazopitisha umeme na flashi pamoja, vingine hukubali, vingine hukataa, nawe utakuwa umenunua kitu cha pili ili cha kwanza kifanye kazi. Kwa muvi za kwenye flashi, mimi sikichukui.

Boksi la Xiaomi hili, TV Box S toleo la pili, ndilo nililolitumia zaidi. Lina RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 8. Najua mtu ameshacheka, GB 8 za nini? Za programu. Muvi zako ziko kwenye diski, hazilali ndani ya boksi. Linacheza H.264, H.265 na AV1 bila kutweta. Tundu la USB ni moja, la 2.0, na hapo watu huniambia "ami, USB 2.0 ni ya zamani, 4K itakwama." Tufanye hesabu. USB 2.0 kwa karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde. Hata tukisema kwa vitendo unapata nusu yake. Diski halisi ya 4K Blu-ray yenyewe haizidi megabiti 128. Na muvi uliyoipakua wewe ukibana bando haifiki hata robo ya hiyo. Haikwami. Kinachokwama ni Wi-Fi, si USB.

Udhaifu wake upo. Diski ile ya mkononi inayozunguka hula umeme kuliko flashi, na ukisikia inalia tik, tik, tik halafu inapotea kwenye orodha, usikimbilie kusema imekufa. Haijapata umeme wa kutosha. Tafuta kigawio cha USB chenye chaja yake. Jambo la pili, kuliandaa mara ya kwanza kunataka mtandao na akaunti ya Google, kwa hivyo washa hotspot ya simu siku hiyo, uweke VLC au Kodi, programu nyingine ya kuchezea video, baada ya hapo waweza kukaa nalo bila bando. Na hizo VLC na Kodi ndizo sababu ya mimi kulipenda boksi: zimebeba ujuzi wao wenyewe wa sauti, ile DTS iliyokataa kwenye TV inasikika hapa. Ukitumia Kodi, ingia mipangilio ya kichezaji uiruhusu ibadilishe kasi ya TV ifuate ya muvi. Muvi nyingi ni picha 24 kwa sekunde, TV inakwenda 60, ndiyo maana kamera ikipita polepole juu ya mji unaona picha inagongagonga. Manukuu nayo, lipe faili la SRT jina lile lile la muvi, yakae folda moja, yatatokea yenyewe.

Sasa hili lenye stika ya 8K. Bei yake inavutia, nakubali. Ukiliwasha unapata sura ya simu iliyonyooshwa kwenye TV, na rimoti inasogeza kishale kama kipanya. Hiyo si Google TV, mfumo wa Google wa TV, ni Android ya simu iliyowekwa tu kwenye boksi. Ubaya wa picha ningeuvumilia. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Canada, Daniel Milisic, alinunua boksi la aina ya T95 akalikuta na programu hasidi iliyowekwa kabla halijamfikia. Mambo yakakua, yakapewa jina BADBOX. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo, na Julai mwaka huo Google ikafungua kesi ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa. Maboksi hayo hupitisha shughuli za watu wengine kupitia mtandao wa nyumbani kwako na kubofya matangazo kwa siri. Bando lako ndilo linaloliwa, na wewe umelala. Sisemi kila boksi la bei rahisi ni bovu. Nasema fungua Play Store, ingia mipangilio, sehemu ya kuhusu, utazame kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect, ulinzi wa Google. Kisipoidhinishwa, mrudishie mwenyewe. Na muuzaji akikusifia kwamba "limejazwa kila kitu, chaneli zote bure," hapo ndipo pa kuondoka.

Laptopu hii kuukuu, mnaicheka bawaba, ndiyo mfalme wa meza. Kebo ya HDMI, VLC, basi. Inasoma exFAT, NTFS, DTS, kila kitu. Angalia tu prosesa: Intel za kizazi cha saba kwenda mbele zina njia maalumu ya H.265 ya biti 10. Ukiwa na kizazi cha nne, 1080p itacheza ila feni itapuliza kama ya msikiti, na 4K usijaribu. Kama tayari unayo nyumbani, usinunue boksi. Kama huna, usiinunue kwa ajili ya muvi tu, maana kuinuka kila mara kusimamisha muvi kwa kipanya kunachosha, na mama mkwe hataki kujifunza Windows.

Wenye kupenda kuchezea vitu watasema Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kujiundia. Nzuri, lakini anayeijua hahitaji mimi nimwambie.

Ukishanunua, boksi usilifiche kwenye kabati lililofungwa wala usilibandike kwenye mgongo wa TV; kwa joto letu la Februari litajipunguza kasi lenyewe na utadhani faili ni bovu. Walio Nyali, Mtwapa au Old Town karibu na maji, chumvi inakula vichwa vya HDMI, vifute kwa kitambaa kikavu. Weka TV guard, na iwe ya TV na boksi pamoja. Stima ikipotea haina neno, ikirudi ndiyo huua. Na diski inayokaa kwenye TV siku zote, ifomati NTFS badala ya exFAT. Umeme ukikatika katikati ya kazi, exFAT huchanganyikiwa upesi, na hapo video ya harusi utaitafuta kwa mpiga video ambaye keshaifuta.