Fundi wa chini ya mwembe au karakana ya kikundi?

Mkulima wa Newala au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, anayesomba magunia ya korosho kwa baiskeli hadi ghala la chama cha msingi cha ushirika huhitaji matengenezo ya haraka, na hapo fundi wa chini ya mwembe hana mpinzani: huzamisha tyubu kwenye beseni, hutazama mapovu yanapotokea, huziba pancha, na mteja anayemfahamu huweza kulipa baadaye. Kwa gharama za muda mrefu naipendelea karakana ya kikundi, kwa kuwa wanachama huchangia vifaa, na vijana, wasichana wakiwemo (jambo ninalolithamini sana), hujifunza kunyoosha ringi wenyewe. Udhaifu wake ni usimamizi. Asiyeweza kukosa baiskeli hata siku moja amtegemee fundi. Kijiji chenye baiskeli nyingi na mweka hazina mwaminifu kianzishe karakana.