Paspoti ya bluu ya Afrika Mashariki (Uganda): naipa nyota nne

Jamani kabla hujalipa laki mbili na nusu zako (250,000 za Uganda kwa ile ya kawaida, ukitaka ya haraka unaongeza) soma kwanza hapa. Naongelea paspoti ya bluu yenye chip, ile ambayo Uganda ilianza kuitoa Desemba 2018, jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki liko juu alafu Uganda inafuata chini.

Kitu chenyewe kiko sawa bana. Miaka kumi, na mashine za airport zinaisoma fasta. Na hapo ndo watu wengi hawaelewi wanacholipia. Sura ya nje ni ya Jumuiya, marais waliizindua Arusha Machi 2016, wakakubaliana rangi, bluu ya sisi raia, kijani ya maafisa wa serikali, nyekundu ya mabalozi. Lakini ile chip, na ile mistari miwili chini ya picha yenye herufi na alama kama za mtoto aliyechezea kompyuta, hizo hazikutoka Arusha, ni kanuni za ICAO, shirika la UN la usafiri wa anga lenye makao Montreal, kila nchi inafuata hizohizo, ndo maana afisa wa Dubai anaiweka tu kwenye mashine inasomeka hata kama Arusha hajawahi kuisikia. Wanaokumbuka paspoti ya Afrika Mashariki ya 1999 wanajua tofauti, ile ilikuwa ya humu ndani tu, ukishatoka kwenye nchi za Jumuiya inabaki daftari. Majirani wakikubaliana peke yao karatasi yao inaishia kwa majirani, hii mpya wamekubaliana na dunia pia.

Sasa mabaya. Visa iko palepale! Kuna watu wanadhani chip inafungua mlango wa Ulaya, haifungui kitu, chip inasema tu wewe ni wewe, kukuruhusu kuingia ni kazi ya mwenye nchi.

Alafu kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hiyo ni ya WHO, shirika la afya la UN, kijikaratasi chake pembeni, ukikisahau nyumbani umekwisha. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo ni ya maisha, kwahiyo mtu akikwambia miaka kumi imepita uchanje tena mwambie asome kanuni. Mi sielewi kwanini WHO na ICAO hawajakaa meza moja hiyo chanjo iingie ndani ya chip, mbona alama za vidole zimeingia.

Kuomba ni online, unajaza, unalipa, unapewa siku ya kwenda kupigwa picha na kutoa vidole. Ukiweza jaza mwenyewe kwenye simu, mimi kijana mmoja wa kafe alinitoza hela ya kujaza alafu jina la mama akalikosea, ikabidi nianze upya.

Nyota moja nimeitoa kwa bei na hicho kijikaratasi cha chanjo. Na kama safari zako ni Nairobi na Kigali tu tunza hela yako, tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha huko. Tanzania haimo kwenye mpango huo, kwahiyo mnaovukia Mutukula, mpakani na Tanzania, nyie jipangeni.