Maswali ya klabu ya vitabu: ya mchapishaji au ya wanachama?

Maswali yaliyochapishwa mwishoni mwa kitabu hayana gharama ya ziada wala hayamchoshi mratibu. Ila vitabu vingi, hasa vya zamani, havina, na mengi hujibiwa kwa sentensi moja, kisha kimya.

Ya wanachama yanadai muda: kila mmoja asome akiwa na penseli, aweke alama ukurasa uliomkera au kumliza, aje na swali moja. Asiyesoma hana la kuuliza. Lakini hapo ndipo mjadala unapokolea, nimeona "Kwa nini mama hakufungua mlango?" likichukua saa nzima!

Klabu changa, watu hawajazoeana? Anzeni na yaliyochapishwa. Mkishazoeana, nanyi hamzidi kumi, leteni yenu. Kikundi kikubwa kichanganye: mawili ya kitabu, matatu ya wanachama.